Basketi inje ya inchi: kati ya Goma na NBA kuko mukataba

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 2002, mwaka ule ule volkano ya Nyiragongo ilichoma katikati ya muji. Tarehe 29 mwezi wa 7 mwaka 2021, ekipe ya Golden State Warriors ya Marekani ikamuchagua namba 7 ku drafti, ni kusema uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. Mwaka uliofuata, mwezi wa 6, ekipe yake ikabeba ubingwa. Tangu hapo, ku viwanja vya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, vijana warefu na hata wale wafupi wanauliza ulizo moja: yeye alipitia wapi?

Ni ulizo la haki. Lakini kuko lingine ambalo wazazi hawaulizi sana: nani alisaini makaratasi, na ndani yake kuliandikwa nini? Juu kati ya mutoto anayerusha mupira ku kiwanja cha simenti iliyopasuka na yule anayelipwa kwa dola, kuko watu wengi wa katikati. Wengine ni wa kweli, wengine wanakula pesa ya watu. Familia inauza parseli ao inakopa kwa ndugu, kiisha mutoto anabaki Kinshasa ao inchi jirani akingojea viza ambayo hata haijaombwa.

Namba 7 mara tatu

Kuko jambo moja la kushangaza. Wachezaji watatu wazaliwa wa Congo walichaguliwa wote namba 7 ku drafti ya NBA: Bismack Biyombo wa Lubumbashi mwaka 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa mwaka 2015, na Kuminga wa Goma mwaka 2021. Namba ni moja, lakini kila mutu alipita barabara yake.

Biyombo alitoka Lubumbashi akiwa bado kijana mudogo. Alionekana na kocha mumoja ku mashindano ya vijana kule Mashariki ya Kati, akapelekwa Hispania, akacheza ku ekipe ya Fuenlabrada. Mwezi wa 4 mwaka 2011, ku mechi ya Nike Hoop Summit kule Marekani, alifunga pointi 12, akakamata ribaundi 11, akazuia mipira 10. Miezi michache nyuma, NBA ikamuita.

Mudiay alikimbia vita pamoja na mama na ndugu zake, wakafika Texas mwaka 2001 akiwa mutoto wa miaka 5. Alipomaliza shule ya segondere, alikuwa na nafasi ku chuo kikuu, lakini akachagua China. Ekipe ya Guangdong ilimupa mukataba wa mwaka moja wa dola milioni 1 na laki 2. Aliumia kifundo cha muguu, akacheza mechi 12 tu, lakini drafti haikumusahau.

Kuminga aliondoka Congo mwaka 2016, hajatimiza miaka 15. Alisoma ku shule tatu za Marekani: West Virginia, New York, kiisha New Jersey. Hakuingia chuo kikuu. Alikwenda ku G League Ignite, ekipe iliyoundwa na NBA yenyewe mwaka 2020 ili vijana walipwe wakingojea drafti.

Hapa ndipo somo linaanza. Ignite ilifungwa mwaka 2024. Mutoto wa Goma anayesema leo “nitapita kwa Kuminga” anafuata barabara ambayo haiko tena. Ilifungwa juu tangu mwaka 2021 vyuo vikuu vya Marekani vinaruhusu mwanafunzi apate pesa kwa jina na picha yake, na tangu mwezi wa 7 mwaka 2025 chuo chenyewe kinaweza kumulipa muchezaji. Vijana hawakuona tena faida ya kupita kando. Barabara za basketi zinafunguka na kufungwa haraka. Mutu anayemupa muzazi hadisi ya mwaka 2016 kama ndiyo hali ya leo, ao hajui kazi yake ao anajua sana.

Nafasi ziko ngapi

NBA iko na ekipe 30. Kila ekipe inaweza kuwa na wachezaji 15 wa mukataba kamili na 3 wa mukataba wa njia mbili, ni kusema anayekwenda na kurudi kati ya ekipe kubwa na ile ya chini. Jumla ni watu 540 kwa dunia nzima. Ku drafti wanaitwa watu karibu 60 kila mwaka, Wamarekani, Wafaransa, Waserbia, Waaustralia na Waafrika wote pamoja.

Oscar Tshiebwe anaonyesha mulango huo uko mwembamba ginsi gani. Yeye pia ni mwana wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akiwa ku chuo kikuu cha Kentucky, alitajwa muchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, akiwa anakamata ribaundi zaidi ya 15 kila mechi. Mwaka 2023 akaingia drafti. Hakuna ekipe iliyotaja jina lake. Alianza na mukataba wa njia mbili kwa Indiana Pacers, akatajwa muchezaji mupya bora wa G League, kiisha akaenda Utah Jazz. Mukataba huo unalipa nusu ya mushahara wa chini wa muchezaji mupya. Kwa mukaaji wa Kadutu ao Ndosho hiyo bado ni pesa mingi, lakini haiko ile mutu anawaza akisikia neno NBA.

Yannick Nzosa wa Kinshasa alikwenda Hispania akiwa mutoto, akakomalia ku ekipe ya Unicaja ya Málaga. Wachambuzi walikuwa wakimuweka juu kabisa. Drafti ya 2022 ilipofika, aliitwa namba 54.

Hawa wawili hawakushindwa. Wanalipwa juu ya kazi yao. Ila hadisi yao inaonyesha kama kazi ya basketi inje ni ngazi ndefu, na NBA ni kijiti cha juu. Chini yake kuko ligi za Hispania, Ufaransa, Uturuki na China, kuko madaraja ya pili na ya tatu ya Ulaya, kuko G League. Wacongomani wengi wanaoishi kwa basketi wako huko, ku miji ambayo hapa hakuna anayeitaja. Mikataba mingi kule ni ya musimu moja. Goti likivunjika mwezi wa 2, mwezi wa 6 mutu anatafuta kazi upya.

Mulango wa shule

Wazee wanamukumbuka Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2024 akiwa na miaka 58. Alicheza NBA misimu 18, akatajwa mara ine mulinzi bora wa mwaka, akaingia ku nyumba ya heshima ya basketi mwaka 2015. Lakini mwaka 1987 hakwenda Marekani kama muchezaji. Alikwenda na bursi ya masomo ku chuo kikuu cha Georgetown, akitaka kuwa munganga. Basketi ilimukuta kule. Alimaliza na diplome, akijua luga mingi.

Hata leo, mulango mukubwa zaidi kwa mutoto wa Congo ni shule. Ni wa kweli, lakini uko na sheria zake.

Kwanza, mutoto anaingia Marekani na viza ya mwanafunzi. Shule yenyewe inapaswa kutoa karatasi inayoitwa I-20. Bila hiyo, hakuna viza ya kuomba. Kama mutu anaomba pesa ya viza lakini hawezi kuonyesha I-20 yenyi jina la mutoto na la shule, pesa hiyo haiendi ubalozini.

Pili, bei inajulikana. Tangu 2023, kuomba viza ya mwanafunzi ni dola 185, na ada nyingine ya serikali ya Marekani inayoitwa SEVIS ni dola 350. Bei inaweza kubadilika, na tiketi ya ndege iko kando, lakini inawekwa wazi na inalipwa kwa jina la mutoto. Anayesema “viza peke yake ni elfu tano” hasemi bei ya ubalozi.

Tatu, mwenyi viza hiyo hana ruhusa ya kufanya kazi ovyo. Tshiebwe mwenyewe, wakati wenzake wa Marekani walikuwa wanapata pesa ya matangazo, alibanwa na viza yake. Mwaka 2022 alipata nafasi wakati ekipe ya Kentucky ilisafiri Bahamas, inje ya udongo wa Marekani. Kama muchezaji bora wa vyuo alibanwa hivyo, mutoto wa miaka 16 hawezi kuahidiwa kama ataanza kutuma makuta nyumbani mwezi wa kwanza.

Ine, mutoto akiacha shule, ao shule ikimufukuza, makaratasi yake yanaanguka. Anakuwa mutu bila kibali ku inchi ya wengine. Njo maana jina la shule, anwani yake, na mutu mwenyi atakaa na mutoto ni mambo ya kujua mbele ya tiketi kununuliwa.

Ulaya na sheria ya miaka 18

Kwa upande wa Ulaya, shirika la basketi la dunia, FIBA, liko na sheria ngumu. Muchezaji mwenyi hajatimiza miaka 18 hahamishwi toka inchi moja kwenda ingine ili acheze, isipokuwa kwa sababu za pekee, kwa mufano wazazi wamehama kwa kazi yao, ao kuko mupango wa masomo ambao FIBA imekubali. Na hata mutu muzima hawezi kucheza ku ekipe ya inchi ingine kama federasyo ya inchi anayotoka haijatoa barua ya ruhusa.

Kwa hiyo, anayesema atamupeleka mutoto wa miaka 15 “ku ekipe ya Ulaya wiki ijayo” bila federasyo kujua, anasema kitu ambacho sheria haikubali. Mawakala wa kweli wanafanya mutihani wa FIBA na kupata leseni, na majina yao yanawekwa ku intaneti. Kuangalia jina kunaomba simu na megabaiti kidogo tu.

Kuko pia mahakama ya basketi, inayoitwa BAT, yenye makao Geneva. Muchezaji ambaye ekipe imekataa kumulipa anaweza kwenda huko, na wengi wamepata haki yao. Lakini inafaa mukataba wenyewe useme kama ubishi utapelekwa BAT. Musitari huo ukikosa, muchezaji atabaki kutafuta avoka ku inchi ambayo hajui hata luga yake. Musitari moja unaweza kuokoa mushahara wa musimu muzima.

Biyombo pia alikutana na nguvu ya mukataba. Alipotaka kutoka Fuenlabrada kwenda NBA, kulikuwa muvutano juu ya pesa ya kumuachilia. Sheria ya NBA inaweka mupaka kwa pesa ambayo ekipe inaweza kulipa ili kumutoa muchezaji ku mukataba wa inje. Ile inayobaki inatoka ku mufuko wa muchezaji mwenyewe. Kijana aliyesaini miaka mingi kwa furaha ya siku moja anaweza kukuta mulango wa kutoka uko na bei.

Karatasi ya kuzaliwa

Biyombo alipoonekana mara ya kwanza Marekani, magazeti ya kule yaliuliza kama kweli alikuwa na miaka 18. Ulizo hilo linawafuata karibu Waafrika wote, na linaweza kupunguza bei ya muchezaji ao kufunga mulango kabisa.

Kwa wakaaji wa Kivu na Ituri, hili si jambo la mbali. Sheria ya Congo inasema mutoto aandikishwe ku etasivili ndani ya siku 90, bila kulipa. Lakini wengi wanazaliwa mu njia ya kukimbia, mu kambi, ao nyumbani, na karatasi haitoki. Wengine walikuwa nayo, nyumba ikaungua. Kiisha siku 90 inaomba kupita ku tribinali ili kupata ile inayoitwa jugement supplétif. Karatasi iliyotoka wakati mutoto ana miaka 16, wiki moja mbele ya safari, inaleta mashaka hata kama ni ya kweli. Muzazi anayeitafuta mapema anamusaidia mutoto kwa kila kitu: basketi, shule, pasipoti, urizi.

Kuko pia hali ya sasa. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati Goma ilipoingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ulifungwa na banki zikafunga milango. Ubalozi unaotoa viza ya Marekani uko Kinshasa. Kijana wa Goma ao Bukavu anapaswa kuvuka mupaka, kuzungukia inchi jirani, kiisha kupanda ndege. Safari hiyo peke yake inaweza kupita bei ya viza. Na hata mwenyi viza hana uhakika wa kesho: mwezi wa 4 mwaka 2025, Marekani ilifuta viza za watu wote wa Sudani Kusini, wakati Khaman Maluach, kijana wa inchi hiyo aliyekomalia Uganda, alikuwa anacheza ku chuo kikuu cha Duke. Miezi miwili nyuma aliitwa namba 10 ku drafti. Yeye alipita, lakini ilionekana kama siasa inaweza kuingia ku kiwanja bila kupiga hodi.

Nani anabaki na nini

Mu futiboli, muchezaji akiuzwa kwa mukataba wa kimataifa, sheria ya FIFA inatenga asilimia 5 kwa ekipe zilizomulea. Mu basketi, NBA ikimuchagua kijana ku drafti, ekipe ya kartye iliyomufundisha kushika mupira haipati kitu. Kocha aliyenunua mipira kwa mufuko wake anabaki na picha ku simu.

Kile kinachorudi kinategemea moyo wa muchezaji. Mutombo alijenga hospitali Kinshasa yenyi jina la mama yake, Biamba Marie, iliyofunguliwa mwaka 2007. Biyombo, baada ya kufiwa na baba yake mwaka 2021, alitoa mushahara wake wa musimu ili hospitali ijengwe Congo kwa ukumbusho wa baba. Ni mambo makubwa. Lakini inchi haiwezi kupanga basketi yake kwa kungojea huruma ya watu wawili watatu.

Wasichana nao wanasahauliwa mu mazungumuzo haya, na hiyo ni kosa. Mwadi Mabika, muzaliwa wa Kinshasa, alicheza Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na ekipe ya wanawake ya Zaire, kiisha akabeba ubingwa wa WNBA mara mbili na Los Angeles Sparks, mwaka 2001 na 2002. Kabla ya hapo Zaire ilikuwa imebeba kombe la Afrika la wanawake mara tatu. Wasichana warefu wako hata leo. Viwanja na saa za mazoezi ndivyo vinakosekana.

Kuko pia barabara ya karibu. Tangu 2021 kuko Basketball Africa League, ligi ya ekipe za Afrika iliyoanzia Kigali. Mwaka 2022 Espoir Fukash ya Kinshasa ilicheza ndani yake. Sheria ya ligi inapunguza idadi ya wachezaji wa inje ku kila ekipe, kwa hiyo nafasi mingi ni za wazaliwa wa inchi. Kama shampiona ya Congo ingechezwa kila mwaka bila kukatika, na kama ekipe za mashariki zingeweza kusafiri, kijana angeonekana akiwa nyumbani, akiwa na miaka 20, na karatasi zake zikiwa tayari. Leo, kwa wengi, inaonekana lazima waondoke wakiwa na miaka 14 ili mutu awaone. Watu wa katikati wanakula ndani ya pengo hilo.

Mbele ya kusaini

Hakuna anayeweza kumukataza mutoto kuota. Kuminga alitoka ku barabara hizi hizi za mawe meusi. Lakini muzazi anayeletewa karatasi anaweza kuuliza maulizo machache bila haya. Shule ao ekipe inaitwa nani, na namba yake ya simu ni gani, si ile ya manaja? I-20 iko wapi? Leseni ya wakala iko wapi? Federasyo inajua? Mukataba ni wa miaka mingapi, na kutoka ndani yake kunalipwa kiasi gani? Mutoto akiumia, nani analipa hospitali? Akirudi, nani analipa tiketi?

Kama karatasi iko mu luga ambayo familia haisomi, kuko mwalimu wa Kingereza ku kila komini. Saa moja ya kutafsiriwa bei yake ni ndogo kuliko parseli. Na mutu anayekataa karatasi isomwe kwanza na mwalimu, na federasyo, ao na avoka, amekwisha kutoa jibu lake.